Sugo ya Malindi

Malindi kuna wapishi wanaoweza kukuambia kwamba kitunguu saumu kimeungua wakiwa bado hawajavuka kizingiti cha jiko. Hawaonji wala hawachungulii sufuria. Harufu ikishageuka kutoka utamu ule wa mwanzo ikawa kali ya kuwasha pua, wanajua mafuta yale ni ya kumwaga, na wanajua pia kwamba aliyekuwa anapika alikuwa anaangalia simu.

Wengi wao ni Wagiriama, watu wa Ganda, Kakuyuni na Marafa. Waliingia katika nyumba za Wataliano wakiwa vijana wa kufagia bustani au wa kuosha vyombo, wakatoka miaka mingi baadaye wakiwa mabingwa wa chakula ambacho mama zao hawakuwahi kukipika. Mimi nilikwenda huko kwa ajili ya jambo dogo tu: sosi ya nyanya na kitunguu saumu, ile nyepesi ya nyumbani isiyo na kitunguu maji wala bizari, inayoiva ndani ya nusu saa na kumwagwa juu ya tambi. Wapishi wa Malindi wanaiita sugo. Rafiki zangu waliniuliza mbona nisiende Napoli kwenye asili yake. Napoli ni mbali, nauli yake ni kubwa, na walimu wa kule hawajui Kiswahili.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Matatu hupita Mtwapa, huvuka daraja la Kilifi ambako wauza korosho husukuma vifuko dirishani, kisha hufuata ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke hadi njia panda ya Gede na Watamu. Ukikaribia mji, vibao vinabadilika. Pizza hapa, gelato pale, nyumba ya kupangisha iliyotangazwa kwa Kitaliano kitupu bila hata neno moja la Kiingereza. Vijana wa ufukweni hutupa "Ciao!" hewani kwanza, wakitazama vizuri na kumwona mwenzao, hugeuza: "Vipi, bro, umetoka bara?"

Wataliano wa kwanza kusikika Malindi kwa kishindo walikuja na ndege za kivita. Oktoba 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeshafika pembe hii ya Afrika, ndege za Italia ziliudondoshea mji mabomu. Waliokuja baadaye walikuja na roketi za sayansi. Katika miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio na wenzake walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa hesabu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia wenyewe, na mashariki mwa Ngomeni hakuna mji wa kuangukiwa na vyuma. Kuna bahari tu. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa hapo Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru.

Wahandisi nao hula. Baada yao wakaja jamaa zao, kisha watalii, kisha wastaafu walionunua viwanja na kujenga nyumba za makuti zenye bwawa la kuogelea. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988, lakini sufuria hazikuteremshwa mekoni.

Kabla ya hayo Malindi ilikuwa na tambi zake, ila tambi hizo zilikuwa za sukari. Katika nyumba za Waswahili hukaangwa kwanza mpaka zipate rangi, zikatiwa tui la nazi, sukari, iliki na zabibu, zikaliwa zaidi mwezi wa Ramadhani baada ya kufuturu. Mtu aliyelelewa kwa tambi hizo alihitaji moyo mkunjufu sana kukubali kwamba jamaa wa tambi hizo, yule mrefu zaidi, anaweza kumwagiwa nyanya na kitunguu saumu, na bado chakula kikaitwa chakula. Mzee aliyenifundisha, mpishi mstaafu wa upande wa Ganda, aliniambia kwamba siku ya kwanza alipomwona bibi wa Kitaliano akifanya hivyo alidhani ameshika mkebe usio wake, akanyamaza kwa heshima akisubiri ajirekebishe mwenyewe.

Wataliano wa Malindi hawakuwa njia pekee ya sosi hii kufika pwani. Wasomali, wa hapa Malindi kama walivyo wa Eastleigh kule Nairobi, wana suugo yao. Waliirithi kutoka enzi ambapo kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Italia, utawala uliokatizwa na vita mwaka 1941 na kurudi kwa sura ya udhamini wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960. Lakini Wasomali hawakukubali kuipokea ikiwa tupu. Walitia kitunguu maji, mara nyingi na nyama, halafu xawaash, mchanganyiko wao wa bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki na manjano. Sahani ya baasto, yaani tambi zao, huletwa na ndizi mbivu pembeni. Unakata kipande cha ndizi, unakula pamoja na tambi, na ukishazoea hutaki kuambiwa kuna njia nyingine.

Kwa hiyo katika mji mmoja unaweza kula adhuhuri suugo yenye harufu ya pilau, na jioni sugo isiyo na kiungo hata kimoja cha kusaga. Mimi naiona ile ya Wasomali kuwa ni chakula cha wageni na hii ya Wagiriama kuwa ni ya siku ya kazi, umerudi nyumbani umechoka na watoto wanauliza kuna nini. Ugumu wa hii ya pili uko mahali ambapo mpishi wa pwani hautarajii. Mkono uliozoea kuongeza unatakiwa ujizuie. Tangawizi iko hapo, dania iko hapo, pilipili inakutazama, na kazi yako ni kuviacha vyote vilipo.

Watalii wote wa Malindi hupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ile nyeupe yenye msalaba, iliyosimama juu ya miamba. Mreno huyo alitia nanga hapa mwaka 1498, akapokewa vizuri kuliko alivyopokewa Mombasa, akapata rubani wa kumvusha hadi India. Waongozaji wanaeleza hayo yote. Mtu wa jikoni angeongeza kwamba siku ile hapakuwa na nyanya hata moja, si Malindi, si Lisbon, wala Napoli. Nyanya ilikuwa bado kwao Amerika, na Columbus alikuwa amefika kule miaka sita tu kabla. Kitunguu saumu ndicho kizee cha sufuria hii: Wamisri wa kale walikila, na kilikutwa ndani ya kaburi la Tutankhamun.

Hata Wataliano wenyewe hawakuikimbilia nyanya. Maelekezo ya sosi ya nyanya yanayotajwa kuwa ya kwanza kuchapishwa Italia yamo katika kitabu cha Antonio Latini, kilichotoka Napoli kati ya 1692 na 1694, wakati mji huo ukiwa chini ya wafalme wa Hispania. Latini anababua nyanya mbivu juu ya makaa, anazimenya, anazikatakata na kitunguu maji na pilipili, anatia majani ya zaatari, chumvi, mafuta na siki, na hapiki zaidi ya hapo. Mtu wa Malindi angekiangalia kitu hicho akakiita kachumbari. Tambi na nyanya zilikutana kwenye vitabu vya mapishi vya Italia karne moja baadaye. Na ukitaka kuuona undugu wa nyanya na kitunguu saumu bila kitu cha kuuficha, Napoli ina pizza ya marinara: nyanya, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni. Jibini haimo.

Asubuhi nikaenda sokoni. Nyanya zinazouzwa Malindi hazitoki zote Malindi. Kuna zinazolimwa kwenye kingo za mto Sabaki, na kuna nyingi zinazokuja kwa lori kutoka Taveta, zikipitia soko la Kongowea pale Mombasa. Aina zinazopatikana zaidi ni Cal J na Rio Grande, zile ndefu kidogo zenye nyama nene, na hii ni bahati kubwa ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Kwa umbo na kwa tabia ni jamaa wa nyanya za sosi za Italia: maji machache, mbegu chache, nyama nyingi. Zile za mviringo zilizojaa maji ni nzuri kwa kukatwa mbichi, ila ukizitia kwenye sosi utasimama mekoni ukisubiri zikauke mpaka miguu ife ganzi.

Mama niliyemkuta nyuma ya mafungu yake ya nyanya alikuwa na swali moja tu.

"Tungule za kupika leo au za kuweka?"

"Za kupika leo, mama."

"Basi wacha hizo ngumu. Chukua hizi zilizolegea, nitakuongezea mbili. Watu wanazikimbia, na hizi ndizo tamu."

Alisema kweli. Nyanya za safari ndefu huvunwa zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi, la sivyo zingefika Kongowea zikiwa maji ndani ya kreti. Huendelea kuwa nyekundu njiani, lakini wekundu hauambatani na utamu kila mara. Mwenye subira huzilaza nyumbani siku mbili tatu, kitako juu, mahali penye hewa. Friji si mahali pake. Ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 za Selsiasi, nyanya hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake, na sosi isiyo na harufu ya nyanya itakulazimisha utie vitu ambavyo tumekubaliana kuviacha. Bei nayo ina vituko vyake. Tangu kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda, aingie Kenya mwaka 2014, kuna misimu ambayo fungu la nyanya nne linakufanya ufikirie mara mbili, na kuna misimu ambayo wakulima wanakosa wa kumpa.

Kitunguu saumu kilikuwa cha namna mbili: kikubwa cheupe kutoka China, nchi inayozalisha karibu robo tatu ya kitunguu saumu chote cha dunia, na kidogo cha kienyeji chenye ganda linalong'ang'ania kidole. Cha kienyeji kina ukali zaidi na kinastahili usumbufu wake. Ukipasua punje ukakuta chipukizi la kijani katikati, litoe. Ndilo lenye uchungu.

Kulikosekana rehani. Kwa wauza mboga hakukuwa na hata mmoja aliyekuwa nayo, na mmoja alicheka. Nilielekezwa kwa bibi anayeuza asumini, kwa sababu pwani rehani ni ya kunukia. Husokotwa kwenye kikuba pamoja na asumini, mwanamke akajipamba nacho akienda arusini au kumngoja mumewe. Sasa fikiria mshangao wa kizazi cha kwanza cha wapishi wa Malindi, walipoambiwa waikate harufu ya bibi arusi na kuitia kwenye sufuria ya nyanya. Bibi wa asumini alinifungia kishada kwenye gazeti. Hakuuliza naenda kupika au kuoa.

Jiko la mzee liko nyuma ya nyumba, chini ya paa la makuti. Mkewe alikuja na kitunguu maji kikubwa mkononi, kwa mazoea ya maisha yote, akakiweka mezani. Mzee akakirudisha kwenye kikapu bila kumtazama.

"Hicho ni cha maharagwe ya kesho," akasema.

"Nyanya bila kitunguu?"

"Bila kitunguu. Kitunguu kina utamu wake. Leo tunautaka utamu wa nyanya."

Vipimo vyake ni hivi. Kwa kilo moja ya nyanya, punje nne za kitunguu saumu, vijiko vinne vya chakula vya mafuta, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, na majani manane au kumi ya rehani. Mafuta yaliyotakiwa ni ya zeituni, lakini bei yake inajulikana, na mzee ana njia yake: vijiko vitatu vya alizeti vya kupikia, na kimoja cha zeituni cha kumalizia sosi ikishatoka motoni, pale ambapo harufu yake haitapotea kwa mvuke.

Nyanya hakuzichemsha wala kuzimenya. Alizikata katikati kwa upana, akazikwaruza upande wa nyama kwenye kikwaruzio chenye matundu makubwa, mpaka mkononi likabaki ganda peke yake. Kazi yote ilimalizika kabla maji ya kuchemshia nyanya hayajapata moto. Mbegu ziliingia zote kwenye bakuli. Wako wapishi wanaozitoa mbegu pamoja na ute wake wakiamini wanaondoa uchachu, na hapo ndipo wanapojiibia wenyewe. Utafiti uliotoka mwaka 2007 wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, uliofanywa pamoja na mpishi Heston Blumenthal, ulionyesha kwamba ute unaozunguka mbegu una glutamati nyingi kuliko nyama ya nyanya. Glutamati ndiyo inayoleta ile ladha nzito inayokufanya urudishe kijiko. Mzee hakusoma utafiti huo. Alisema tu kwamba kutupa maji ya nyanya ni kutupa nyanya.

Kisha kitunguu saumu. Punje mbili alizibonyeza kwa ubapa wa kisu, zikapasuka kidogo, akaziacha nzima; mbili nyingine alizikata vipande vyembamba. Kinu kilikuwepo, mchi ulikuwepo, hakuvigusa. Tofauti hii si madoido. Punje nzima haina harufu kubwa kwa sababu vitu viwili vimekaa ndani yake vikiwa vimetenganishwa: aliini na kimeng'enya kiitwacho aliinesi. Kisu au mchi ukivunja kuta za seli, viwili hivyo vinakutana na kuzaa alisini, ambayo ndiyo ule ukali unaoshika ulimi. Kadiri unavyoponda zaidi ndivyo ukali unavyozidi. Moto nao hukiua kimeng'enya, ndiyo maana kitunguu saumu kilichopikwa kizima kinakuwa kitamu na laini. Mzee alitaka vyote viwili, ukali wa vile vipande na utulivu wa zile punje nzima, ndani ya sufuria moja.

Hatua iliyofuata ndiyo inayowashinda wengi. Mafuta yalimiminwa kwenye sufuria baridi, kitunguu saumu kikatiwa humo humo kwenye mafuta baridi, ndipo sufuria ikapanda jikoni. Mpishi aliyezoea kuunga mchuzi husubiri mafuta yapate moto mpaka yalie. Kwa vipande vyembamba kama vile, mafuta ya namna hiyo ni hukumu: nje vinaungua, ndani vibichi, na uchungu wake hautoki hata utie sukari ya kilo. Jiko lilikuwa la makaa, kwa hiyo mzee aliyafunika makaa kwa majivu, akabakisha jicho moja jekundu. Viputo vidogo vilianza kuizunguka kila punje. Zilipita dakika tatu, nne. Vipande vilipoanza kupata rangi ya dhahabu hafifu pembeni, akamwaga nyanya zote kwa mara moja. Sufuria ilipiga kelele, mafuta yakapoa, na kitunguu saumu kikaokoka.

Hapo ndipo chumvi ilipotiwa, na majivu yakapanguswa ili moto uinuke.

Sufuria ilikuwa pana na fupi. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kupika sosi ni kuyatoa maji hayo haraka kabla ladha haijachoka. Sufuria ndefu huufungia mvuke, ukaishia kuchemsha saa nzima na kupata kitu chenye ladha ya mkebe. Kwenye ile pana ilichukua kama dakika 25. Mzee alikoroga mara chache. Dalili zake ni mbili, na kila mama wa pwani anazijua kutoka mchuzi wake mwenyewe: ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, na mafuta yanaanza kujitenga na kuonekana mekundu pembeni. Wekundu ule ni likopeni, rangi ya nyanya, ambayo huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Ndiyo sababu mwili huipata kwa urahisi zaidi kutoka kwenye nyanya iliyopikwa kwa mafuta kuliko kutoka kwenye mbichi.

Sufuria iliteremshwa, rehani ikachanwa kwa vidole na kutupwa juu, kijiko cha zeituni kikafuata. Tambi zilizokuwa zinachemka jiko la pili zilitolewa zikiwa bado na kiini kigumu kidogo, zikaingizwa ndani ya sosi pamoja na upawa mmoja wa maji yake. Maji hayo yana wanga wa tambi, na wanga huo ndio unaoishikiza sosi isiteleze ikabaki chini ya sahani.

Onyo la sufuria. Nyingi ya sufuria zetu ni za alumini, na asidi ya nyanya huila alumini polepole. Kupika dakika 25 hakuna neno. Kuilaza sosi humo mpaka asubuhi ndiko kunakoleta ladha ya chuma na rangi iliyofifia. Ihamishie kwenye bakuli la kioo au la udongo, na iingie kwenye friji, kwani kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta na kuachwa kwenye joto la chumba kinaweza kufuga bakteria wa botulizimu bila harufu wala dalili.

Jioni hiyo hiyo na nyingine zilizofuata nilikula sugo mahali pengine mjini, na si kila mahali niliipenda. Kuna sehemu inaletwa tamu, imesaidiwa na tomato ya chupa. Kuna sehemu imetiwa mchuzi mix, na tambi zinakaa zikinuka pilau ambayo haikualikwa. Sukari ina utetezi wake: nyanya zikiwa changa, nusu kijiko cha chai hupunguza uchachu, na wapishi wa Italia nao hufanya hivyo. Lakini mpishi anayetia sukari kila siku anakiri kwamba kila siku ananunua nyanya mbaya.

Nyanya za mkebe zina habari yake. Kwenye maduka makubwa ya Malindi hupangwa mikebe kutoka Italia, mingine ikijivunia San Marzano, nyanya ndefu ya bonde la mto Sarno karibu na mlima Vesuvius, ambayo jina lake linalindwa na sheria za Ulaya tangu 1996. Ni nyanya nzuri, sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho ni kuiona imevuka bahari mbili kuja kukaa juu ya rafu, wakati msimu ukishamiri nyanya za Taveta zinaozea shambani kwa kukosa kiwanda cha kuzitia mkebeni. Mzee yeye hana hasira na mkebe. Anautumia miezi ya mvua, nyanya za sokoni zinapokuwa maji matupu, na anasema mkebe mzuri ni bora kuliko nyanya mbaya. Sharti lake ni kwamba usiupike zaidi ya robo saa, kwa sababu umeshapikwa kiwandani.

Nyumbani kwake sugo haikai na tambi tu. Watoto huichovyea chapati. Ikibaki, inaliwa na sima siku ya pili, au inatandazwa juu ya kolekole wa kuchoma. Na siku ambayo wavuvi wamepata pweza, hufanywa hivi: pweza anachemshwa peke yake mpaka alainike, anakatwa vipande, anatiwa kwenye sosi dakika kumi za mwisho, na chumvi haiongezwi mpaka uonje kwa sababu pweza ameshatoka nayo baharini.

Hapa ndipo nyumba inapogawanyika. Mke wa mzee anasema pweza asiyemaliziwa kwa tui zito ni chakula cha mgonjwa. Mzee anasema ukitia tui si sugo tena, ni mchuzi wa pweza, na mchuzi wa pweza yeye hakuhitaji Mtaliano wa kumfundisha. Walikuwa bado wanabishana wakati nanawa mikono. Zililetwa bakuli mbili, moja nyekundu, moja imegeuka rangi ya chungwa kwa tui, na wajukuu wakakimbilia ile ya bibi yao mbele ya macho ya mzee, naye akavuta bakuli lake karibu na kuniambia nile haraka kabla hawajarudi.